Mkataba wa Gizani Hauvuki Serikali

Hotuba iliyotolewa Arusha kwa wafanyabiashara wa nafaka na mbegu, wasafirishaji, mawakala wa forodha na viongozi wa vyama vya ushirika vya Arusha na Kilimanjaro. Tumeiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, vijana, na wenzetu mlioamka alfajiri kutoka Moshi, Karatu na Babati: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Mji huu tulipokaa umezoea kuandika amani za majirani. Tarehe 4 Agosti 1993 Wanyarwanda walisaini hapa. Tarehe 28 Agosti 2000 Warundi walisaini hapa, kwa kazi aliyoianza Mwalimu Nyerere na kuendelezwa na Mzee Mandela. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, na Jumuiya sasa ina nchi nane. Sudan Kusini ilijiunga 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Mmeona jambo hilo? Nchi tatu za mwisho kuingia, zote zimepita kwenye vita au bado zina vita ndani yake. Kwa hiyo soko jipya lililofunguliwa mbele yenu ni soko la nchi zinazojijenga upya. Zinahitaji mbegu, unga, saruji, mabati, dawa za mifugo, mafundi wa umeme. Vitu hivyo mnavyo.

Sitasimama hapa kuwaambia msiende. Wengi mmeshaanza kwenda, na magari yenu yako njiani tunavyozungumza. Nataka tuulizane swali moja tu: ukienda na mtaji wako, au na mkopo uliodhaminiwa na nyumba yako ya Sakina, ni nini hasa kitakachouchukua mtaji huo? Wengi watajibu, risasi. Wengine watajibu, askari wa kizuizini. Hao wapo na wanaumiza. Lakini kilichomaliza mitaji mikubwa katika nchi zilizotoka vitani ni mkataba uliopatikana kwa mlango wa nyuma. Serikali ikibadilika, mkataba huo unaondoka na waliousaini. Na katika nchi iliyotoka vitani serikali inabadilika, hilo halina shaka.

Kwa hiyo kila mkionyeshwa karatasi, ulizeni maswali matatu. Nani anasaini? Kwa mamlaka gani? Mpaka lini?

Twende Liberia. Vita viliisha kwa mapatano ya Accra ya Agosti 2003. Ili wapiganaji waweke silaha chini, wizara na mashirika ya umma yaligawanywa kati ya makundi yaliyokuwa yakipigana. Fikirini maana yake. Mtu anapewa wizara kama malipo ya kukubali amani, na anajua uchaguzi unakuja baada ya miaka miwili. Ana miezi ishirini na kitu ya kukaa kwenye kiti hicho. Mtu huyo ana haraka, na mwekezaji akija akiwa na haraka pia, watakutana.

Serikali hiyo ya mpito, Agosti 2005, wiki chache kabla ya uchaguzi, ilisaini na kampuni ya Mittal Steel mkataba wa miaka 25 wa chuma cha milima ya Nimba. Sikilizeni yaliyokuwa ndani. Kampuni ilikuwa na uwezo wa kupanga yenyewe bei ya mawe yenye chuma yanayotoka nchini, na bei hiyo ndiyo msingi wa mrabaha wa serikali. Kulikuwa na msamaha wa kodi wa miaka mitano unaoweza kuongezwa. Reli na bandari ya Buchanan, mali ya umma, viliwekwa mikononi mwa kampuni. Hakuna mahakama iliyosema kwamba hongo ilitolewa, na mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba serikali isiyochaguliwa, iliyobakiza miezi michache, ilifunga mikono ya nchi kwa robo karne.

Ikawaje? Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa Januari 2006, akaufungua mkataba upya, na Desemba 2006 ukasainiwa mwingine. Bei ikafungwa kwenye bei ya soko la dunia. Reli na bandari vikarudi kuwa mali ya serikali. Kampuni mama ikawekwa kama mdhamini. Mittal ni kampuni kubwa. Iliweza kukaa mezani mwaka mzima na mawakili wake na kuendelea. Je, wewe mwenye ghala moja Njiro utaweza kukaa mwaka mzima bila kufanya kazi, huku benki inadai?

Upande wa misitu hali ilikuwa mbaya zaidi. Walipokagua vibali vya kukata magogo vya nyakati za vita walikuta maeneo yanayodaiwa yakijumlishwa yanazidi misitu yote ya nchi, kama mara mbili na nusu. Msitu mmoja ulikuwa umeuzwa kwa watu kadhaa, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri. Februari 2006 vibali vyote vikafutwa kwa amri moja. Vyote. Aliyekipata kwa haki na aliyekipata kwa bahasha wote walipoteza. Hilo ndilo linaloniuma, na nataka liwaume na nyinyi kabla hamjalipa: rushwa ya mwenzako inaweza kufuta kibali chako halali.

Kongo nako, vita vilipoisha, bunge liliunda kamati iliyoongozwa na mbunge Lutundula kupitia mikataba iliyosainiwa wakati wa vita. Mwaka 2007 serikali yenyewe ikarudia kupitia mikataba 61 ya madini. Mnaona mtindo? Mkataba wa wakati wa vita au wa kipindi cha mpito utakaguliwa. Swali ni lini, na utakutwa ukiwaje.

Basi ukiwa mbele ya serikali ya mpito ufanye nini? Kwanza, omba uonyeshwe sheria inayompa waziri au gavana uwezo wa kusaini unachopewa. Iandike namba ya sheria na kifungu ndani ya mkataba. Pili, uliza kama bunge lazima liidhinishe. Kama ndiyo, usihamishe fedha kabla idhini haijachapishwa kwenye gazeti la serikali. Tatu, pata barua ya mwanasheria mkuu wa nchi hiyo inayosema mkataba ni halali. Nne, na hili wengi hawalipendi: usikubali miaka 25 hata ukipewa. Chukua miaka miwili au mitatu yenye haki ya kuongeza, kwa masharti yaliyoandikwa. Mkataba mfupi wenye bei ya kawaida hakuna serikali mpya itakayokuwa na hamu ya kuuvunja. Mkataba mnono sana ndio wa kwanza kuitwa mezani.

Mwenyekiti, naomba tuhame kutoka anayesaini twende kwenye kinachofichwa.

Msumbiji ni jirani yetu wa kusini. Vita vya miaka kumi na sita viliisha kwa mapatano ya Roma, tarehe 4 Oktoba 1992. Miaka ikapita, uchumi ukakua, gesi nyingi ikaonekana bonde la Ruvuma, wawekezaji wakajipanga. Mtu angesema, hawa vita vimeshaisha, hatari imepita. Lakini vyombo vya usalama vilikuwa bado na mazoea ya kufanya mambo bila kuulizwa.

Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilizo chini ya vyombo hivyo zilikopa nje kiasi cha dola bilioni 2. EMATUM ilikopa milioni 850, kwa jina la uvuvi wa jodari. ProIndicus milioni 622, kwa jina la ulinzi wa pwani. MAM milioni 535, kwa jina la karakana za meli. Waziri wa fedha alisaini dhamana za serikali bila bunge kujua. Jodari walitakiwa walipe deni la dola milioni 850! Boti za kuvulia zikaja, zikafungwa bandarini Maputo, zikakaa pale zikishika kutu.

Aprili 2016 siri ikatoka: mikopo miwili kati ya mitatu hata Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa halijaambiwa. Shirika hilo likasimamisha fedha zake, wafadhili wa bajeti wakafuata, sarafu ya metikali ikaporomoka. Aliyelipa ni nani? Ni muuza duka wa Nampula aliyekopa kwa dola na anauza kwa metikali. Ni mkandarasi mgeni aliyejenga shule kwa mkataba halali wa serikali na kukuta hazina haina cha kumlipa. Hawakuwahi kuisikia EMATUM.

Na wale waliokopesha kwa siri, walipona? Baraza la Katiba la Msumbiji lilitangaza mwaka 2019 kwamba mkopo wa EMATUM na dhamana yake ni batili, na mwaka 2020 likasema vivyo hivyo kwa ile miwili mingine. Credit Suisse, benki iliyopanga sehemu ya mikopo, mwaka 2021 ilikubali kulipa mamlaka za Marekani na Uingereza karibu dola milioni 475 pamoja na kufuta dola milioni 200 za deni. Aliyesaini dhamana zile kama waziri wa fedha, Manuel Chang, alikamatwa Afrika Kusini Desemba 2018, akatiwa hatiani New York Agosti 2024, na Januari 2025 akahukumiwa miaka minane na nusu jela.

Sasa wewe hukopeshi serikali mabilioni. Lakini siku moja huko unakokwenda utaambiwa hivi: "Mradi huu ni wa usalama wa taifa, hautangazwi, bei hatuwezi kuiweka wazi, saini hapa na usiuonyeshe kwa wakili." Inaweza kuwa uzio wa kambi, unga wa askari, au viatu vya buti. Ukisikia maneno hayo ujue zabuni haikutangazwa, bei haitalinganishwa na ya mtu yeyote, na siku ya kudai malipo hutakuwa na pa kwenda. Mkataba ambao huruhusiwi kumwonyesha wakili wako usiusaini, hata kama faida yake ni mara tatu.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya wenzetu. Mwaka 2006 hapa kwetu hapakuwa na vita. Palikuwa na ukame na mgawo wa umeme. Dharura hiyo ikatuletea mkataba wa Richmond, megawati 100 ambazo kampuni hiyo haikuzileta, na Februari 2008 waziri mkuu na mawaziri wawili wakajiuzulu. Kama ukame uliweza kulegeza taratibu za zabuni kiasi hicho katika nchi yenye amani, hesabuni vita vya miaka kumi na nne, kama vya Liberia, vinaweza kufanya nini.

Jambo linalofuata nitalikalia kidogo, maana wauza nafaka mko wengi humu.

Katika nchi iliyotoka vitani fedha hupita kwenye milango michache sana. Bandari moja, daraja moja, benki kuu, kituo kimoja cha mafuta. Mwenye ufunguo wa mlango huo hahitaji kiwanda wala shamba. Liberia walilielewa hilo. Mwaka 2005 waliingia mpango na wafadhili, uliojulikana kwa kifupi GEMAP, ambao uliweka wataalamu wa nje kwenye benki kuu, bandari, uwanja wa ndege na misitu, na malipo makubwa yakawa hayatoki bila saini mbili, ya Mliberia na ya mtaalamu huyo. Wapo waliolalamika kwamba ni kudhalilisha uhuru wa nchi, na nawaelewa. Lakini kuweka saini ya pili mlangoni, badala ya kumkimbiza kila karani wa barabarani, ilikuwa kupiga panapostahili.

Sudan Kusini mlango ulikuwa dola. Kati ya 2012 na 2015 serikali ilichukua nje mkopo wa karibu dola bilioni 1 ili wafanyabiashara waagize chakula, mafuta na dawa kwa LC, ile barua ambayo benki inaahidi kumlipa muuzaji wa nje akileta hati za mzigo. Aliyepewa LC alipata dola kwa bei rasmi, kama paundi 3 kwa dola. Mwaka 2015 mtaani Juba bei ilikuwa imepita mara nne ya hiyo.

Pigeni hesabu na mimi. Dola 100,000 kwa bei rasmi unazilipia paundi 300,000. Ukizipeleka mtaani kwa paundi 12, unapata paundi 1,200,000. Umebaki na paundi 900,000 na hujanunua gunia hata moja la unga, hujakodi lori, hujalipa turubai. Sasa niambieni, nani atahangaika na unga? Kampuni nyingi zilizopata zilikuwa za mfukoni, na mizigo mingi haikuonekana. Na wewe uliyepeleka unga wa kweli unashindana sokoni na mtu ambaye faida yake ameshaipata kabla hajafungua duka.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, palikuwa na sakata la dura, yaani mtama. Serikali ya Juba iliyotokana na amani ya 2005 iligawa mikataba ya kuleta mtama na kujenga maghala. Kampuni nyingi zililipwa, mtama haukufika. Mei 2012 Rais Salva Kiir aliwaandikia barua maafisa 75, waliopo na waliotoka, akiwaomba warudishe fedha, akitaja dola bilioni 4. Fikirini hali ya mfanyabiashara aliyepeleka mtama kweli na bado anadai: jina lake liko kwenye orodha ileile na wezi, na atahitaji karatasi kwa kila gunia.

Kwa hiyo shikeni haya. Popote penye bei mbili za dola, kibali chenyewe kimekuwa bidhaa, na mnunuzi wako anaweza kuwa na haja na kibali kuliko mzigo wako. Akikwambia atalipa kwa LC ya benki ya Juba, dai LC iliyothibitishwa na benki ya pili, ya Nairobi au Dar es Salaam, ili benki hiyo ya pili ndiyo iwe na deni kwako. Usipakie kabla benki yako haijakujulisha kwa maandishi. Kisha kaa na karani wako msome neno kwa neno: jina la kampuni, uzito, aina ya mzigo, tarehe ya mwisho ya kupakia. Kama LC inasema mahindi meupe na hati ya njia inasema mahindi tu, benki inaweza kukataa kulipa, na hapo ndipo utasikia, "Kuna mtu pale benki anaweza kusaidia." Makosa ya hati hufungua mlango wa rushwa ambao wewe mwenyewe ulikuwa na uwezo wa kuufunga hapa Arusha.

Nije mpakani, mawakala wa forodha mnisaidie kusikiliza.

Chukueni lori la vitunguu vya Mang'ola, tani 28, linakwenda Juba kupitia Namanga, Malaba, Elegu, mpaka Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba zimebaki kama kilomita 190. Siku ya tano vitunguu vya katikati vimeanza kutoa jasho. Afisa anainua turubai, anaingiza mkono kati ya magunia, anautoa una unyevu. Hana haja ya kukuuliza kitu. Ameshajua kwamba kila siku unayolala hapo unapoteza magunia, na atapanga bei yake chini kidogo ya hasara yako. Hapo anachokuuzia ni muda tu.

Dawa yake ni kuwa na muda. Kabla gari halijatoka, tenga fedha za kusubiri: chakula cha dereva, maegesho, na hasara ya mzigo kwa siku kumi zaidi ya unazotarajia. Kama hesabu ya safari haibebi siku hizo kumi, mzigo huo usiende kwa njia hiyo. Peleka maharage makavu au mbegu zilizofungwa, ambazo hazina haraka. Mwenye mzigo unaoweza kusubiri anaweza kusema, "Sawa afande, nitangoja risiti." Mwenye nyanya hawezi.

Kwa wanaokwenda Kongo, kuna amri ya mwaka 2002 inayotaja taasisi nne tu zenye haki ya kufanya kazi mipakani: forodha (sasa inaitwa DGDA), ukaguzi wa bidhaa (OCC), uhamiaji (DGM), na afya ya mipakani. Nne. Hata hivyo dereva anaweza kukutana na madawati zaidi ya hapo, kila moja na kitabu chake. Mpe dereva wako karatasi yenye majina hayo manne kwa Kifaransa, na mfundishe kuuliza kwa adabu ofisi ya tano inatumia amri gani. Wengine watamwachia. Wengine hawatamwachia, na penye bunduki dereva asibishane. Uhai wake hauna bei. Ila akifika mahali salama aandike kwenye daftari: tarehe, saa, mahali, cheo, kiasi, sababu aliyopewa, na kama risiti ilitolewa. Fedha iliyotolewa kwa kutishiwa maisha na ikaandikwa siku hiyohiyo ni jambo moja. Fedha iliyofichwa kwenye vitabu kama "gharama za usafiri" ni jambo jingine kabisa, na mkaguzi atalisoma hivyo.

Mshirika wa ndani. Hapa ndipo mitego inapotegwa kwa upole. Unaambiwa huwezi kufanya kazi bila mwenyeji, na mara nyingi ni kweli. Lakini mwenyeji huyo ni nani? Hapa kwetu, tangu sheria ya fedha ya 2020, kampuni zinatakiwa kumtaja mmiliki wake halisi kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, kwa hiyo kampuni ya Lubumbashi au Goma ina namba ya daftari la biashara, wanaliita RCCM. Omba namba hiyo, mtume wakili wa hukohuko aende kuchukua nakala, asome majina na tarehe ya kusajiliwa. Kampuni iliyosajiliwa mwezi mmoja kabla ya zabuni, isiyo na ofisi, yenye mwanahisa mwenye jina la ukoo la mkuu wa idara, hiyo ni njia ya kupitishia hongo. Wakala naye mlipe ada iliyoandikwa kwa kazi iliyoandikwa, kwa benki, kwenye akaunti ya jina lake katika nchi anayofanyia kazi. Akitaka asilimia kumi ya mkataba iingie Dubai, ujue sehemu yake inarudi kwa anayesaini, na mbele ya sheria wewe ndiye umeituma. Sheria yetu ya kuzuia rushwa ya 2007 inamgusa pia anayemhonga afisa wa serikali ya kigeni. Kuvuka Namanga hakukutoi mikononi mwa TAKUKURU.

Ardhi nitaisema kwa ufupi, ingawa inatoa damu. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia kwao, wengi wao wakaja kukaa kwetu Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walioanza kurudi baada ya mapatano ya hapa Arusha walikuta mashamba yao yana watu wengine, baadhi wakiwa na karatasi za serikali. Burundi ililazimika mwaka 2006 kuunda tume nzima ya kuamua kesi hizo. Kwa hiyo ukiambiwa na afisa kwamba ekari mia tano hazina mtu, usiulize waliopo tu, uliza walioondoka. Tafuta wazee, kanisa, msikiti, miti ya matunda iliyopandwa kwa mstari. Mwembe uliopandwa na mtu una mwenyewe, hata kama yuko kambini nchi nyingine.

Sasa mtu atauliza, na ni swali la haki: nikitoa kidogo ili kazi iende, nikidhulumiwa si nitakwenda mahakamani? Hapana. Na mfano wa wazi uko Nairobi. Mwaka 1989 kampuni ya World Duty Free ilipata mkataba wa maduka yasiyotozwa ushuru kwenye viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Baadaye ikanyang'anywa, ikaishtaki Kenya mbele ya mahakama ya usuluhishi wa uwekezaji ya Benki ya Dunia. Katika ushahidi wake mwenyewe, mwekezaji alieleza kwamba ili apate mkataba alitoa dola milioni 2 kwa Rais Moi. Alikwenda na begi la fedha, akaliacha pembeni. Alipotoka akalikuta begi lina mahindi mabichi. Oktoba 2006 wasuluhishi wakaamua: mkataba uliopatikana kwa hongo hauna ulinzi, madai yote yametupwa. Hata hoja ya kunyang'anywa hawakuisikiliza. Serikali ambayo kiongozi wake alipokea ndiyo iliyoshinda kesi, na aliyetoa akaondoka mikono mitupu. Unaweza kusema si haki, na wasuluhishi wenyewe walionyesha kusikitika kwamba aliyepokea hakuguswa. Lakini ndivyo sheria ilivyo, na serikali mpya zimeshaijua. Zikitaka kukutoa, zitatafuta bahasha uliyotoa.

Bima nayo ni hivyohivyo. Iko ATIDI, Nairobi, ambayo Tanzania ni mwanachama, inayokatia bima hatari za kisiasa: vita, kutaifishwa, fedha kuzuiwa kutoka nchini. Iulizeni bei kabla ya kusaini, si baada ya milio ya risasi. Ila someni vizuri sehemu ya yasiyolipwa. Hasara iliyotokana na rushwa ya mwenye bima iko humo.

Anayekwenda kwa mlango wa mbele ana pa kusimama, na pengine hamjui kwamba pako karibu sana na hapa. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, kuishtaki serikali mwanachama katika Mahakama ya Afrika Mashariki pale inapokiuka Mkataba, na mahakama hiyo iko hapahapa Arusha. Sudan Kusini, Kongo na Somalia zote zimo. Lakini kuna muda: miezi miwili tangu kitendo kifanyike au tangu ulipokijua. Miezi miwili, si mwaka. Madai hutupwa kwa sababu mtu alikuwa anabembeleza wizarani huku siku zinakwisha. Siku mzigo wako unapozuiwa, andika tarehe, mpigie wakili, na daftari la dereva liwe mezani kwake wiki hiyohiyo. Kwa rushwa inayodaiwa upande wetu wa mpaka, namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Mwenyekiti, nimeambiwa mawakala watatu wana magari Nimule tangu juzi na hawajapata risiti. Naomba maswali yaanze na wao, waje na hati zao hapa mbele tuzisome pamoja.